Kiyoyozi katika nyumba ya mawe yenye hati za kale

Ndugu, umeuliza kama kiyoyozi kitaziokoa hati na makasha ya marehemu babu yako katika nyumba yenu ya Mji Mkongwe, Zanzibar. Nakusihi usikinunue bado. Weka kwanza vifaa vidogo vya kurekodi joto na unyevu, kimoja karibu na ukuta wa nje na kingine katikati ya chumba, uviache vipitie kaskazi, masika na kusi. Kuvu huota unyevu wa hewa unapodumu juu ya takriban asilimia 65, na kiyoyozi kinachozimika kila umeme unapokatika huufanya unyevu huo upande na kushuka ghafla, jambo linalopasua mbao na kukunja karatasi.

Linalonitia hofu zaidi ni jengo lenyewe. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa hupumua, lakini lipu ya saruji hufungia maji na chumvi ndani yake. Beit el-Ajaib, jumba la kihistoria la huko huko Mji Mkongwe lililojengwa mwaka 1883, ilibomoka sehemu yake Desemba 2020 ikiwa katika ukarabati. Kwa hiyo paa, mifereji na boriti vikaguliwe kabla ya kununua kiyoyozi au kabati lolote la kuhifadhia hati. Makasha yainue kutoka sakafuni, yasiguse ukuta, na uyakague mchwa mara kwa mara.