Kumwandalia Shelley kongamano Lamu: ninayowaachia mnaoanza

Ndugu zangu mnaokabidhiwa kamati ya maandalizi kwa mara ya kwanza, swali mtakaloulizwa na kila mtu ndilo nililoulizwa mimi, tangu gatini hadi ofisini: mshairi wa Uingereza ana nini na Amu, yaani Lamu yetu? Msilipuuze. Kama hamna jibu, msianze hata kukusanya ada ya usajili.

Jibu letu lilikuwa hili. Mwezi Januari 1818, Percy Bysshe Shelley alichapisha gazetini London shairi la mistari 14 liitwalo "Ozymandias". Msafiri anasimulia kuwa ameona miguu miwili ya jiwe imesimama jangwani, na uso uliovunjika umelala mchangani. Kwenye kitako cha sanamu hiyo yamechongwa maneno ya mfalme akijigamba kwa kazi zake, na kazi zenyewe hazipo. Mwanzoni mwa karne hiyohiyo, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliyatazama magofu ya Pate akatunga Al-Inkishafi. Humo madaka yaliyokuwa yakipangwa sahani yamekuwa malalo ya makinda ya ndege, na popo wananing'inia juu ya vyumba vya matajiri. Washairi wawili hawa hawakujuana, na kila mmoja katika shairi lake aliutafakari ufalme uliokwisha. Kisiwa cha Pate unafika kwa mashua kutoka hapa. Kongamano hilo lingefanyika wapi kama si Lamu?

Mwito wetu wa kwanza wa kuomba ikisiri, yaani muhtasari wa mada, haukusema hivyo. Tuliandika "Shelley na urithi wake" tukaletewa mada nzuri ambazo zingesomwa popote duniani. Ikabidi tuandike upya, tuombe mambo matatu tu: magofu, bahari, na tafsiri. Hapo ndipo watu walipoanza kutuletea walichokuwa wamekaa nacho miaka. Mwito ukiwa mpana, mtu anakutumia kilichokuwa tayari kwenye kompyuta yake.

Sasa tarehe. Wengi huanza na kalenda ya chuo. Anzeni na mwezi. Mwaka wa Hijria hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka, kwa hiyo tarehe iliyokuwa nzuri mwaka huu yaweza kuangukia Ramadhani baada ya miaka michache. Maulidi yakiwadia, mji hujaa wageni na vyumba havipatikani. Ijumaa msiweke kikao kinachogusa adhuhuri. Hata wageni wasioswali watafurahia mapumziko marefu, na wenyeji watarudi ukumbini badala ya kutawanyika. Ikiwa mtapanga safari ya baharini, kumbukeni pia kwamba kusi linapovuma kwa nguvu katikati ya mwaka, mgeni asiyezoea mashua atafika mgonjwa.

Na maji. Hapa nawaomba mnisikilize sana, kwa kuwa niliwakosea watu. Siku ya pili tulipanga kuwapeleka washiriki Pate. Nikaandika kwenye ratiba kwamba tunaondoka saa mbili asubuhi, nikapeleka ikachapwe, halafu ndipo nikamwambia nahodha. Akaniangalia, akasema, "Mwalimu, saa mbili maji yatakuwa yametoka." Nikamsihi, kwa sababu karatasi zilikuwa zimeshachapwa. Akakubali kwa adabu tu. Tulipofika Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya kisiwa cha Manda na bara, mashua ikakaa juu ya tope. Tulingoja muda mrefu juani, na miongoni mwetu alikuwemo profesa mzee wa kike aliyekuwa amefunika kichwa kwa karatasi za mada yake. Hakulalamika hata kidogo, na hilo liliniuma zaidi. Tangu siku ile nahodha ndiye mtu wa kwanza kuulizwa, naye huuliza mwezi una siku ngapi. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au ukiwa mpevu, maji hujaa sana na kutoka sana. Wakati wa maji mafu tofauti ni ndogo. Ratiba huja baada ya hapo.

Kuhusu saa, andikeni kwa namna zote mbili: saa nane mchana, na pembeni 14:00. Mgeni mmoja wetu alisoma nane akasimama gatini tangu asubuhi. Kwa wanaosoma mada kupitia intaneti, Kenya haibadilishi saa lakini Uingereza hubadilisha, Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Tofauti yetu nao ni saa mbili kiangazi na saa tatu kipupwe. Kongamano likiangukia wiki hizo, mtumieni kila mtoa mada saa ya kwake, msimwachie ahesabu.

Usafiri nitaupitia haraka. Waambieni wageni mapema kwamba ndege inatua Manda na mji uko ng'ambo, kwa hiyo watavuka kwa mashua. Anayekuja kwa basi atashukia Mokowe, upande wa bara, naye pia avuke. Vichochoro vya mji ni vyembamba, mizigo hubebwa na watu, mikokoteni au punda. Mwenye maradhi ya goti apewe chumba karibu na ukumbi, si kijijini Shela. Barua za mwaliko zitoke miezi kadhaa kabla, na kila mgeni aangalie mwenyewe kama anahitaji kibali cha kuingia nchini, maana tangu Januari 2024 maombi hayo hufanywa mtandaoni kabla ya safari. Jenereta ijaribiwe ikiwa imebeba projekta na vipaza sauti pamoja, si taa peke yake.

Lugha ndiyo iliyokula muda wetu mwingi, na ilistahili. Mkalimani anaweza kufuata hoja, lakini hawezi kutafsiri soneti, shairi la mistari 14, papo kwa papo, na msimlazimishe. Tulidai kila mada iletwe kwa maandishi wiki moja kabla, na kila shairi litakalosomwa liwe na tafsiri iliyokwisha kutengenezwa. Kwa "Ozymandias" tulikaa usiku mzima barazani, kahawa chungu na halua katikati, tukibishana kama tuifasiri kwa mtiririko au kwa vina. Mwenzetu mmoja aliyesomea Nairobi alitaka maana ibaki wazi. Mzee aliyekuwa akitusikiliza akasema shairi lisilo na kina halikai kifuani mwa mtu. Mwishowe tukachapa tafsiri zote mbili ukurasa kwa ukurasa, na asubuhi washiriki wakabishana upya. Kikao kile nakipenda kuliko vyote.

Mzee huyo ni malenga. Naomba msirudie tulilotaka kumfanyia. Katika rasimu ya kwanza tulimweka baada ya chakula cha jioni, siku ya mwisho, chini ya kichwa "burudani". Nilipompelekea ratiba aliisoma taratibu akanirudishia. Akasema, "Mwanangu, mimi nina la kusema juu ya ushairi. Wa kuimba karamuni wapo." Nikaona haya. Tukamweka asubuhi ya kwanza, baada ya mtoa mada mkuu kutoka ng'ambo, kwa dakika zilezile, kwa herufi za ukubwa uleule na bahasha ileile ya shukrani, na muda wa maswali.

Alizungumza juu ya ubeti wa Al-Inkishafi: mistari minne, mitatu ya mwanzo ikishika kina kimoja, na wa nne ukiishia "ye" ubeti baada ya ubeti hadi mwisho. Kisha akaghani. Ubeti wa tatu ulipofika mwisho, kina mama waliokuwa wamekaa upande wa dirishani wakamalizia naye ile "ye", kwa sauti ndogo, kama waitikiao dua. Wageni waliinua vichwa kutoka kwenye karatasi zao. Hakukuwa na haja ya mkalimani kueleza kituo cha ubeti ni nini.

Na wawekeeni viti watu ambao hamkuwaalika kwa barua. Mchana wa siku ya tatu ilisomwa mada juu ya bahari katika mashairi ya Shelley, na mwishoni msomaji akataja kifo chake: tarehe 8 Julai 1822 aliondoka Livorno kwa mashua yake akielekea nyumbani karibu na Lerici, dhoruba ikawakuta, akafa maji pamoja na rafiki yake na kijana baharia. Alikuwa hajatimiza miaka 30. Nahodha wetu, ambaye alikuwa amekaa nyuma akingoja kuwarudisha watu Manda, akainua mkono. Akauliza, "Chombo chake kilikuwa na farumi kiasi gani? Na tanga, alilitua?"

Msomaji alinyamaza, halafu akafungua daftari lake. Akaeleza kwamba mashua ilikuwa nyepesi, imeongezewa matanga, na ilihitaji farumi nyingi ya chuma, yaani uzito wa kuwekwa chini ya chombo, ili itulie. Akasema pia inasimuliwa kuwa mabaharia wa chombo kingine waliwaona wakiwa bado wameinua matanga katikati ya dhoruba. Nahodha akatikisa kichwa. Akaeleza, kwa utaratibu kama anayefundisha mwanawe, upepo wa ghafla unavyompata mtu mwenye tanga zito na chombo chepesi, na kwa nini demani, kamba ya tanga, haifungwi bali hushikwa mkononi. Muda wa kikao ukaisha, mwenyekiti hakupiga kengele.

Mwenyekiti wa namna hiyo mtafuteni mapema, na mwambieni tangu mwanzo kwamba ana ruhusa ya kuivunja ratiba. Hesabu za mashua, wapishi na wapagazi zilipwe kabla ya ndege ya wageni kuondoka. Rekodi za sauti wekeni nakala kwa malenga mwenyewe na kwa nahodha, si chuoni tu. Nahodha wetu alikuja nyumbani kuichukua yake baada ya Isha, na akaomba pia ile karatasi yenye tafsiri ya "Ozymandias", ile ya vina.