Maswali na majibu: Hamira inapoziba chujio la mvinyo

Zabibu za Agosti na Septemba zimeshakamuliwa, na maswali yaliyonifikia kutoka sehemu mbalimbali za Dodoma karibu yote yanahusu uchujaji.

Hombolo: Lita 10 za kwanza zilipita kwa dakika 4 na lita 20 zikatimia dakika ya 14. Nilijua lita 100 zingechukua dakika 40, lakini saa nzima imepita hata nusu sijafika. Nimekosea wapi?

Kupima umepima vizuri ndugu yangu, kosa ni kuzidisha moja kwa moja. Seli za hamira zinabaki juu ya kitambaa na kujijenga kama machicha ya nazi, kwa hiyo kila lita inapenya tabaka nene kuliko iliyotangulia. Gawa muda kwa lita: 4 kwa 10 ni 0.4, na 14 kwa 20 ni 0.7. Ongezeko ni 0.3 kwa lita 10, yaani 0.03 kwa kila lita. Ukirudi hadi lita sifuri inabaki 0.1, huo ndio ukinzani wa kitambaa chenyewe. Kwa lita 100: 0.03 × 100 + 0.1 = 3.1, zidisha kwa 100 upate dakika 310. Zaidi ya saa 5, presha ikiwa ileile! Ukiweka vichujio viwili vya ukubwa huo, kila kimoja kikabeba lita 50, ni dakika 80. Hela yako iweke hapo.

Mpunguzi: Nikiongeza presha ya pampu mara mbili, muda utapungua nusu?

Ingekuwa mchanga, karibu nusu. Hamira ni laini: ukiikandamiza inabonyea na kuziba vinjia vilivyobaki, faida inakuwa ndogo. Anza na presha ya chini. Kabla ya hapo acha mvinyo utuame, hamisha ule safi wa juu, kisha unaobaki uchanganye na unga wa diatomaiti (mwamba laini wenye vitundu vingi vidogo) ili machicha yasishikamane.

Mwanafunzi, Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM): Shikamoo mwalimu. Geji ya presha ya kabla ya chujio inasoma kilopaskali 180, ya baada 30. Naandika ipi?

Marahaba. Andika tofauti yake, 150. Hiyo ndiyo inayosukuma mvinyo upite. Ila angalia kama geji zimepishana kimo, maana kila mita ya mvinyo ni karibu kilopaskali 10.

Mvumi: Mbona Julai kuchuja kulichelewa zaidi?

Baridi, mama. Mnato wa maji ya nyuzi 10 unazidi ule wa nyuzi 20 kwa karibu asilimia 30, na muda unaongezeka hivyohivyo. Mvinyo nao huwa mzito ukipoa. Chuja saa nane mchana, usianze alfajiri.