Kabla Hujauza Boda Ukamfuate Staa

Juzi saa sita usiku kijana mmoja rapa wa Rhonda, mtaa wa hapa Nakuru, alinitumia ujumbe: "Kaka, nimepata mtu wa kunifikisha kwa msanii mkubwa wa Nairobi. Anataka elfu thelathini. Niuze boda?" Kama mistari yake ni mizuri au ni mibovu hakuuliza. Simlaumu. Sisi wa kalamu huwa tushajiona wakali kitambo kabla hatujasikika.

Nikamuuliza kama ameona Hustle & Flow. Hajaiona. Ni filamu ya 2005 iliyoongozwa na Craig Brewer. Terrence Howard ni DJay, jamaa wa Memphis, Marekani, anayekula jasho la wanawake anaowauza barabarani huku akiota kuwa rapa. Mimi niliipata kwenye DVD ya shilingi hamsini, imekwaruzwa, nikairudia hadi mashine ikagoma. Watu hupenda pale wanapogeuza chumba cha nyumbani kuwa studio. Mimi kinachoniuma ni maiki. DJay hana pesa ya kununua maiki nzuri, basi anamlazimisha Nola, mmoja wa wale wasichana, alale na mwenye duka. Maiki inapatikana. Nola analia.

Yangu nilinunua 4,500. Mama alikuwa akiuza nyanya soko la Wakulima, na zile zilikuwa pesa za stoki. Nilizitoa chini ya godoro nikijiambia nitarudisha wiki ijayo. Wiki mbili mama alikaa sokoni na vitunguu vichache na dhania, akiwaambia wateja nyanya zimeadimika. Hakuniuliza kitu. Angeniuliza ningepona mapema.

Tulirekodi Kaptembwa, kwenye chumba cha mabati, ukutani trei za mayai tulizoomba kwa mwenye kibanda cha smokie. Mvua ikinyesha, kazi imeisha. Kwenye ubeti wa pili jogoo wa jirani anasikika kabisa, na mpaka leo kuna watu wanaonisifu eti niliweka yule jogoo kwa makusudi. Huwa nakubali.

Kiitikio kiliimbwa na msichana wa kwaya aliyekuwa akitupikia chai. Nilimwahidi elfu mbili ngoma ikishika.

Halafu nikafanya alichofanya DJay. Kwenye filamu anampelekea Skinny Black, staa aliyetokea mtaa huohuo, tepu yake, wanakunywa, wanacheka, anaahidiwa dunia. Baadaye anaikuta tepu chooni. Mimi kulikuwa na tamasha hapa mjini, nikapenya hadi nyuma ya jukwaa nikamkabidhi msanii mmoja flashi mkononi. Akanikumbatia, akaniita mdogo wake. Walipoondoka nilibaki nikisaidia kubeba viti, ndipo nikaiona chini ya meza kati ya mifupa ya kuku, imekanyagwa, kifuniko hakipo. Niliipangusa kwa shati. DJay alimpiga Skinny Black akafungwa jela. Mimi nilitembea hadi nyumbani, na sijawahi kucheza wimbo wa yule bwana tena, hata kwenye harusi ya binamu yangu nilitoka nje.

Sasa, kijana wangu, ona nani alipeleka ngoma ya DJay redioni yeye akiwa ndani. Nola! Yuleyule wa maiki. Na yangu ilibebwa na makanga wa matatu ya Kaptembwa, jirani niliyekuwa nikikwepa kumlipa nauli. Aliicheza asubuhi na jioni hadi wanafunzi wakawa wanaimba kiitikio steji wakisubiri gari. Mtangazaji mmoja wa hapa akaisikia akiwa abiria. Basi. Miaka minne iliyofuata ni shoo za elfu tatu na kudaiwa kodi, tuiruke. Leo nina studio yangu, maiki tatu, na wanaokuja kurekodi wananiita mzee.

Kwa hiyo usiuze boda. Hiyo boda ndiyo studio yako, ndiyo redio yako. Weka spika ndogo, abiria wasikie. Usimfuate staa. Mwenye kukufikisha yuko hapo mtaani, unampita kila siku hujamsalimia. Nasema tena, usimfuate staa! Na unayemtumia leo mlipe leo, mheshimu, usingoje ngoma ishike, kwa sababu ikishika utasahau. Wimbo wa filamu ile ulishinda Oscar mwaka 2006, na kiitikio chake kwenye hadithi kinaimbwa na Shug, mwanamke mjamzito aliyekuwa akikaa kimya kwa nyumba ya DJay.

Kijana hajanijibu. Ameusoma ujumbe, tiki mbili za buluu. Lakini baada ya kumwandikia yote hayo nilishindwa kulala. Asubuhi nikatafuta namba ya yule msichana wa kwaya, sasa ni mama wa watoto wawili, nikamtumia 2,000 kwa M-Pesa.

Alipiga simu papo hapo. "Umekosea namba, ama?"