Sanduku la Maswali: Binti yangu anataka kuipeleka hisabati barazani

SWALI: Assalamu alaykum Mwalimu. Mimi ni mama wa watoto wanne, nakaa Wete. Binti yangu wa pili amemaliza chuo, kasomea hisabati. Kwa sasa anajitolea skuli ya karibu na nyumbani, na jioni utamkuta barazani anawaeleza watu hesabu, mara za mirathi, mara za bao, huku mdogo wake anamrekodi kwa simu. Watu wanakaa wanasikiliza, hilo silifichi. Sasa benki moja imemwita kazini Unguja naye anasita, anasema kazi aitakayo ni kuwaeleza watu hisabati. Baba yake kakasirika, anasema hesabu si taarabu mtu akatuzwe. Mwalimu, hiyo nayo ni kazi? Yupo aliyewahi kuifanya akala?
— Mama wa Wete

JIBU: Wa alaykum salaam, mama. Mpe baba watoto salamu zangu, umwambie kwenye taarabu kanichekesha, lakini nina la kumjibu.

Kazi ipo na walioifanya wapo. Christopher Zeeman alikuwa Mwingereza aliyezaliwa Japani mwaka 1925, profesa hasa. Idara ya hisabati ya Chuo Kikuu cha Warwick aliianzisha yeye. Pale London kuna taasisi, Royal Institution, ambayo tangu 1825 huwaandalia vijana mihadhara ya sayansi wakati wa Krismasi. Ilipita zaidi ya miaka 150 wakizungumza watu wa kemia, wa umeme, wa nyota, na hisabati haikupewa zamu mpaka 1978 alipoitwa Zeeman. Mihadhara yake ikaoneshwa kwenye televisheni. Marcus du Sautoy husimulia kuwa wazazi wake walimpeleka kuisikiliza akiwa na miaka 13, akatoka pale anataka kuwa kama yule mzee. Akawa profesa wa hisabati Oxford. Mwaka 2006 akaitoa yeye mihadhara hiyo ya Krismasi, na mwaka 2008 akakabidhiwa kiti cha uprofesa ambacho kazi yake maalumu ni kuwafahamisha watu wote sayansi. Kiti hicho kipo tangu 1995, kwa fedha za tajiri wa kompyuta, Charles Simonyi.

Sasa tazama hapa, maana jibu lako ndipo lilipo. Zeeman alikuwa akila mshahara wa Warwick. Du Sautoy alikuwa mwalimu wa chuo kabla ya kupewa kiti kile. Watu wa njia hii karibu wote walikuwa na kazi nyingine iliyowalisha. Kwa hiyo binti aende benki. Ndiyo, mimi mwalimu mstaafu nasema aende benki. Kujitolea hakulipi nauli ya boti, na mtu akishakuwa na njaa huanza kuwafurahisha wasikilizaji badala ya kuwaeleza. Jumamosi zibaki zake. Mihadhara ile ya 1978 ilizaa madarasa ya hisabati kwa watoto wa skuli yaliyoanza mwaka 1981, na siku yake ilikuwa Jumamosi asubuhi. Mpaka leo yapo.

Tuje kwa baba. Mwambie kuwa aliyetuandikia aljebra, Muhammad bin Musa al-Khwarizmi wa Baghdad, alikiandika kitabu chake karne ya 9, zama za Khalifa al-Ma'mun, na akasema mwenyewe kuwa anakusudia mambo watu wanayoyahitaji kila siku: mirathi, wasia, kugawana mali, kesi, biashara, kupima ardhi. Sehemu kubwa ya kitabu ni mirathi tupu. Binti yako anapoanzia na mirathi barazani, kashika njia iliyokwishapitwa na mkubwa wao.

Na siku baba atakapokuwapo barazani, binti awape hii. Amefariki mtu, kaacha mke, mabinti wawili, baba na mama. Mke ana thumuni (moja ya nane), kwa kuwa marehemu ana watoto. Mabinti wana thuluthi mbili. Baba sudusi (moja ya sita), mama sudusi. Hapakosi mtu wa kusema hiyo rahisi. Mpe yeye agawe. Mali ikatwe mafungu 24: mke 3, mabinti 16, baba 4, mama 4. Ajumlishe. Zinakuja 27! Mafungu yapo 24, wenye haki wanadai 27, na hakuna aliyedai kisichokuwa chake. Hapo ndipo utawaona wazee wanavua kofia wanajikuna.

Mafakihi walilimaliza zamani: mali igawanywe mafungu 27 badala ya 24, na kila mtu abaki na idadi yake. Inasimuliwa kuwa Sayyidna Ali aliulizwa suala hili akiwa juu ya mimbari, akajibu palepale kuwa thumuni ya mke imekuwa tusui (moja ya tisa). Wengi wanaijua hadithi. Hadithi inapoishia ndipo mwanahisabati anapoingia, kwa kuuliza: mbona huo ni uadilifu? Tia fedha. Mali ni shilingi milioni 27. Mke alitarajia 3,375,000, kapata milioni 3, kapungukiwa 375,000. Mabinti walitarajia milioni 18, wamepata 16. Wamepungukiwa milioni 2. Baba alitarajia 4,500,000, kapata milioni 4, na mama vivyo hivyo. Sasa chukua kila pungufu uligawe kwa kile alichotarajia mwenyewe. Kwa mke utapata tusui. Kwa mabinti tusui. Kwa wazazi tusui. Kila mmoja kapunguziwa sehemu moja ya tisa ya haki yake, hakuna aliyebanwa kuliko mwenziwe. (Fatwa amwachie kadhi. Yeye ashike hesabu.) Mtu aliyeacha skuli darasa la saba ataifahamu hiyo, na ataondoka nayo.

Ninachokihofia mimi ni ile simu ya mdogo wake. Simu inapenda mazingaombwe. Fikiria namba, izidishe kwa 2, ongeza 10, gawa kwa 2, toa namba uliyoanza nayo, jibu lako ni 5! Watu watapiga makofi, na video itatembea Unguja na Pemba. Lakini akiishia hapo hajafundisha kitu. Aseme hivi: namba yako ni mfuko wa machungwa, sijui yamo mangapi. Umeifanya mifuko miwili, ukaweka na machungwa 10 pembeni. Ukagawa nusu: mfuko mmoja na machungwa 5. Ukaurudisha mfuko. Yabaki mangapi? Sasa hata mtoto anaweza kubuni mchezo wake mwenyewe, jibu litoke 8 au 20. Sharti langu kwake ni hilo tu: video isiyokuwa na "kwa nini" asiirushe.

Na wasukaji asiwapite. Paulus Gerdes, Mholanzi, alihamia Msumbiji mwaka 1976 akabaki huko mpaka alipofariki mwaka 2014. Alikwenda kwa wasukaji wa mikoba wa Inhambane, akachunguza nakshi zao moja moja, akaonesha hisabati wanayoifanya kwa vidole. Pemba mna ukili na mna kawa. Nakshi moja ikijirudia kila baada ya mapindi 4 na nyingine kila baada ya 6, bibi msukaji anajua zitalingana wapi. Binti aende akakae naye, amsikilize kwanza.

SWALI: Mwalimu shikamoo. Mimi ni mtangazaji kijana hapa mjini Unguja. Nataka kuanzisha kipindi cha hisabati cha dakika kumi, lakini redio haina ubao. Nianzie wapi?
— Mtangazaji, Mjini

JIBU: Marahaba mwanangu. Anzia baharini. Msikilizaji wako bahari anayo kichwani, huna haja ya kumchorea.

Nenda Paje au Jambiani na kinasa sauti, muulize mama anayelima mwani: siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko siku nyingine, hutoka yakakauka saa ngapi? Atakwambia bila ya kutazama saa: asubuhi, saa nne, saa tano hivi. Bamvua ya mwezi mwandamo ni hivyo, na ya mwezi mpevu ni hivyo hivyo. Hutasikia bamvua iliyokauka saa moja asubuhi. Mipango yake yote ya shamba la mwani imekaa juu ya jambo hilo. Sasa muulize kwa nini, na usimkatize.

Ukirudi studio, tumia namba moja tu kwa kipindi kizima: dakika 50. Kila siku mwezi unachelewa kwa kadiri ya dakika hizo, na maji yanaufuata. Leo yamepwa saa nne asubuhi, kesho yatapwa saa nne na dakika 50, keshokutwa saa tano na dakika 40. Nyamaza kidogo hapo. Watangazaji mnaogopa kimya, lakini bila kimya msikilizaji hawezi kuhesabu. Kisha endelea: toka bamvua moja hadi nyingine ni kama siku 15. Dakika 50 mara 15 ni dakika 750, na hizo ni saa 12 na nusu.

Umeona kilichotokea? Maji hupwa mara mbili kwa siku, mara ya asubuhi na mara ya usiku. Katika siku hizo 15, yale ya asubuhi yamesogea mpaka yakawa ya usiku, na yale ya usiku yamesogea mpaka yakawa ya asubuhi. Yamepeana zamu. Kwa hiyo mama wa mwani akishuka pwani anakuta saa yake ni ileile, wala hajali kama maji haya ndiyo yale. (Siku hasa ni 14 na robo tatu hivi, ndiyo maana hesabu yetu imezidi kidogo. Kipindi cha kwanza usiwaambie; atakayepiga simu kukusahihisha, mwalike kipindi cha pili.) Pwani nyingine za dunia zina saa nyingine za bamvua, kwa sababu ya umbo la bahari na nchi kavu, lakini mahala pamoja saa hiyo hairandirandi.

Halafu waachie swali la wiki: wiki moja baada ya bamvua, wakati wa maji mafu, yaani yanapojaa na kupwa kidogo, maji hupwa mnamo saa ngapi? Saba mara 50, wakokotoe wenyewe. Na tafadhali, usimwalike mtu akasome fasili za kitabuni kwa dakika kumi. Nimewahi kukisikiliza kipindi cha namna hiyo, jirani yangu aliomba tuzime akaseme na kuku wake.

SWALI: Mwalimu, eti wanahisabati wakubwa wanawadharau wale wanaowaeleza watu wa kawaida? Na lazima uwe na shahada ya hisabati?
— Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Chake Chake

JIBU: Wapo waliodharau. G. H. Hardy wa Cambridge, mmoja wa wakubwa wa zama zake, aliandika mwaka 1940 kuwa kueleza ni kazi ya akili za daraja la pili. Kichekesho ni kwamba maneno hayo yamo katika kitabu alichowaandikia watu wa kawaida, na hicho ndicho wanachomkumbukia wengi wasiojua nadharia moja yake. Siku hizi mambo yamegeuka: Uingereza kuna medali yenye jina la Zeeman, hupewa wanaoifikisha hisabati kwa umma, na wa kwanza kuipata alikuwa mwanahisabati Ian Stewart mwaka 2008.

Ama shahada, Martin Gardner wa Marekani alisomea falsafa, na aliandika safu ya hisabati katika jarida la Scientific American kwa kadiri ya miaka 25, hadi 1981. Maprofesa wengi wa leo waliipenda hisabati kwa kumsoma yeye.

Wewe anza hivi. Namba ambayo tarakimu zake ukizijumlisha zinagawika kwa 3, yenyewe nayo inagawika kwa 3. Mwandikie mdogo wako, ukurasa mmoja tu, umweleze kwa nini. Akikuelewa, nitumie ukurasa huo.