Pima tangi kwanza, geji baadaye

Barua za wiki hii ni za geji za mafuta za magari ya zamani. Zaidi ya nusu zinauliza jambo moja: "Nimejaza mafuta, geji haisogei, ninunue mpya?" Ndugu zangu, hakuna hata mmoja aliyesema amepima.

*Ni kweli Ford Model T haikuwa na geji?*

Kweli. Kwa miaka mingi ya gari lile (1908 hadi 1927) tangi lilikuwa chini ya kiti cha mbele. Dereva alinyanyua mto wa kiti, akafungua kifuniko, akachovya kijiti.

*Kwa nini walipanda milima kwa rivasi?*

Hapakuwa na pampu. Petroli ilishuka yenyewe hadi kwenye kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini. Mlima ukiwa mkali na tangi limepungua, kabureta ilikuwa juu kuliko mafuta na injini ikazima. Wakigeuza gari, tangi ndilo lililokaa juu. Kwa hiyo hata kijiti sahihi kinakuambia mafuta yaliyomo, si yale yatakayofika kwenye injini.

*Nina Ford Model A ya 1929. Tangi limejaa, geji inasema nusu.*

Umeanza vizuri, maana unajua tangi limejaa. Boya la geji, kile kinachoelea juu ya mafuta na kuisogeza geji, kwa gari hilo ni la gome jepesi, lile la vizibo vya chupa, lililopakwa shelaki, aina ya vanishi. Shelaki huyeyuka kwenye petroli iliyochanganywa ethanoli, boya likanywa mafuta na kuzama. Toa geji, ulikamate boya: likiwa zito na limelowa, ndilo lenye kosa. Badilisha boya, usitupe geji.

Kisha ipime. Gari liwe mahali tambarare, nje, betri imechomolewa, asiwepo mvuta sigara. Tangi hilo liko mbele ya magoti yako! Limwage lote, halafu mimina lita 5 kwa chombo kilichopimwa, soma namba kwenye kidirisha, andika. Tena lita 5, andika, mpaka zitimie kama 38. Namba zikiwa pungufu kwa kiwango kilekile kila mara, kunja mkono wa boya kidogo sana, urudie tangu mwanzo. Ukimaliza angalia gasketi: tone moja la petroli kwenye dashibodi, gari lisiwashwe.

*Geji ya umeme imelala kwenye sifuri.*

Washa swichi, chomoa waya kwenye tangi, uugusishe kwenye bodi mara moja tu, usiushikilie, na mbali na mdomo wa tangi. Mshale ukisogea, geji ni nzima. Safisha ethi ya tangi, yaani pale tangi linapounganika na bodi kwa umeme. Kutu na rangi mpya ya fundi huikata.

*Volkswagen yangu ya 1959, geji iko wapi?*

Haipo, Kobe (Volkswagen Beetle) alipata geji 1961. Una mkono wa kufungulia mafuta ya akiba miguuni, kama lita 5. Ukishajaza mafuta urudishe, la sivyo akiba utaichoma bila kujua.