Usiguse nati ya katikati: redio ya volti 12 kwenye lori la volti 24

Mkuu, mwambie huyo fundi aweke spana chini. Mwambie sasa hivi, haya mengine utasoma baadaye.

Umesema lori lako ni la volti 24, redio iliyokuja nalo haina USB, umenunua skrini ya Android ya volti 12 yenye GPS, na fundi kakwambia konveta (kile kifaa cha kushusha volti 24 kuwa 12) ni kupoteza hela kwa sababu "volti 12 zipo tayari, tunazichukua pale betri mbili zinapoungana". Halafu ukaanza kuuliza vitufe vya usukani, ramani na kamera ya nyuma, kana kwamba la betri limeshapita. Halijapita. Hilo ndilo litakalokutia hasara.

Ubaya wa huo ujanja ni kwamba siku ya kwanza unakubali. Redio inawaka, mziki unapiga, fundi anapokea chake na kuondoka. Ingekuwa inalipuka palepale, hakuna ambaye angeendelea kuufundisha.

Betri zako mbili zimefungwa mfululizo. Ya chini ni ile ambayo hasi yake inakwenda kwenye chesisi. Chanya yake imeungwa na hasi ya betri ya juu, na hapo ndipo ilipo ile nati ya katikati. Taa, stata, kompyuta ya injini, vyote vinakula kutoka ncha hadi ncha, kwa hiyo betri zinapungua pamoja na kujaa pamoja, kama ng'ombe wawili wa jembe kwenye nira moja. Ukichomeka waya pale katikati, redio inakula betri ya chini peke yake. Lori limepaki linasubiri kushusha mzigo, redio inavuta ampea 4 kwa muda wa saa 5: ampea-saa 20 zimetoka kwenye betri moja, na ya juu haijaguswa.

Sasa washa injini. Alteneta haijui habari za betri mbili. Inaona jumla tu, na kazi yake ni kuifikisha jumla hiyo kwenye volti 28 na ushee. Chaji inayopita kwenye betri ya juu ndiyo hiyohiyo inayopita kwenye ya chini. Ya juu imeshajaa, haina pa kuiweka, volti yake inapanda mpaka 15 na zaidi. Ya chini bado ina njaa, imesimama kwenye 13. Jumlisha: 28. Alteneta imeridhika, inapunguza chaji, na wewe kwenye dashibodi unaona mshale uko mahali pake. Huku nyuma, betri ya juu inachemka, inatoa gesi, maji yanapungua na plate zinaliwa. Ya chini haijai hata siku moja, salfeti inaganda juu ya plate mpaka haipokei tena chaji. Zote mbili zinakufa, kila moja kwa ugonjwa wake, na asubuhi moja stata inalia "tak" mara moja na kunyamaza.

Hapo fundi anarudi, anapima, anasema betri moja mbovu, nunua moja. Ukinunua moja ukaifunga na mwenzake aliyezeeka, umeanza safari ileile upya, na safari hii betri mpya ndiyo inayoharibika, maana waya wa katikati bado upo palepale na hakuna aliyeukumbuka. Anayetukanwa ni muuza betri. Betri za lori hubadilishwa mbili kwa pamoja, aina moja, ukubwa mmoja, umri mmoja. Usiniulize nimejuaje. Kuna elimu ambayo ada yake haina risiti.

Kuna kingine ambacho hao mafundi wa "mbona wote tumewafungia hivyo" hawakisemi kamwe. Lori nyingi zina swichi kubwa ya kukata betri, na mara nyingi inakata upande wa hasi. Ukiikata huku redio imefungwa katikati, chesisi imeachana na hasi ya betri, lakini chanya ya volti 24 bado ipo, na chochote kilichobaki kimewashwa, hata taa ndogo ya kebini, kinaivuta chesisi kuelekea volti 24. Redio yako ina volti 12 kwenye waya wa njano (chanya yake) na volti karibu 24 kwenye waya mweusi (hasi yake). Yaani umeigeuza, hasi imekuwa chanya. Ukiwa na bahati inakata fyuzi. Usipokuwa na bahati unasikia harufu. Hali ni hiyohiyo mtu akilegeza kichwa cha hasi wakati wa kubadilisha betri.

Na wale wanaosema "basi tumia betri ya juu", yaani waya mweusi wa redio uende katikati, ndio wabaya zaidi. Bodi ya redio na ganda la waya wa antena vinagusa chesisi. Hapo umeipiga shoti betri ya chini kupitia waya wa antena. Ule waya mwembamba hauna fyuzi, unageuka kuwa heta ndani ya dashibodi.

Atakuja mtu hapa kusema kuna mabasi yanayotoka kiwandani na waya wa katikati. Ni kweli, yapo, na yana kifaa cha kusawazisha betri kinachohamisha chaji kutoka ya juu kwenda ya chini muda wote. Wewe huna hicho. Una fundi na koleo.

Kwa hiyo ni konveta ya 24 kwenda 12. Lakini si konveta yoyote.

Kwanza soma stika ya ampea za kuendelea, si za kilele. Boksi likiandika 20A kwa maandishi makubwa, tafuta yale madogo. Ukikuta 8A za kuendelea, hiyo ni konveta ya 8. Skrini yako itakuwa na fyuzi ya 10 au 15 kwa nyuma. Kwa matumizi ya kawaida bila amplifaya ya pembeni, ampea 10 za kuendelea zinatosha. Usitishwe na "4x50W" ya kwenye boksi: volti 14 kwa ampea 10 ni wati 140 zinazoingia, sasa hizo 200 zitoke wapi?

Pili, iwe ya kisasa, ile inayokatakata umeme kwa kasi. Ile ya zamani inapunguza volti kwa kuzigeuza joto. Toa 13.8 kwenye 28, zidisha kwa ampea 5, unapata wati 71 za joto tupu nyuma ya dashibodi yenye plastiki na sponji. Na mtu akikuletea ushauri wa kufunga rezista au balbu mfululizo na redio, mshukuru, mpe maji ya kunywa, muage. Rezista inapunguza volti kulingana na ampea zinazopita. Redio ikilala inavuta kidogo sana, basi rezista haipunguzi kitu na volti zote 27 zinaingia.

Ufungaji wenyewe: waya wa kuingia uwe wa milimita 2.5 za mraba, na fyuzi ya 10 ikae karibu kabisa na chanzo cha umeme, si karibu na konveta. Fyuzi ya kukinga waya ikikaa mwisho wa waya, waya wote uliobaki nyuma yake hauna ulinzi. Hasi ya konveta iende kwenye chesisi pale ulipokwangua rangi mpaka chuma kikang'aa. Upande wa kutoka weka fyuzi nyingine ya 10. Konveta ikae mahali penye hewa, mbali na waya wa antena, la sivyo FM itakuwa inanguruma kila ukiwasha. Ikinguruma, pitisha waya zake kwenye pete ya feraiti (ile pete nyeusi ya kumeza kelele za umeme), zungusha mara mbili tatu.

Waya wa njano wa redio ni wa kumbukumbu, unataka volti 12 muda wote. Mwekundu ni wa ufunguo. Konveta nyingine zina njia mbili za kutoa umeme kwa kazi hiyo. Kama yako ina moja, tafuta rilei (swichi inayowashwa na umeme) yenye koili ya volti 24 (ukiweka ya 12 itaungua): mguu wa 86 uunge na waya wa ufunguo wa lori, 85 chesisi, 30 chukua volti 12 kutoka kwenye konveta, 87 upeleke kwenye waya mwekundu. Njano uende moja kwa moja kwenye konveta. Kisha pima konveta inavuta kiasi gani kila kitu kikiwa kimezimwa. Miliampea 50 ni ampea-saa 1.2 kwa siku, si kitu kwa lori linalotembea. Ikiwa linalala wiki kadhaa, iweke konveta yote nyuma ya ufunguo, ukubali kusubiri Android iwake upya kila ukiwasha.

Sasa mtego unaoua redio hata za watu walionunua konveta nzuri: waya wa adapta, ule unaounganisha redio mpya na soketi ya gari. Soketi ya ISO (ile ya kawaida ya redio za magari) ya nyuma ya redio ya lori inaingiliana vizuri kabisa na adapta ya magari madogo. Inaingia, inabana, unafurahi. Lakini kilichomo ndani ni volti 24. Kwenye kile kipande cha umeme, mguu wa 8 ni hasi, na miguu ya 4 na 7 ndiyo yenye umeme, mmoja wa kudumu na mwingine wa ufunguo, na watengenezaji wengine huibadilisha nafasi. Usiamini mchoro, shika mita, pima ufunguo ukiwa umezimwa, kisha umewashwa. Hiyo yote uitoe kwenye adapta, ipite kwanza kwenye konveta na rilei. Kipande cha spika ndicho pekee unachoweza kuchomeka kilivyo, ukishazipima spika kama nitakavyoeleza chini.

Na si waya mkubwa tu. Waya wa rangi ya chungwa ni wa taa za dashibodi, nao kwenye lori una volti 24. Uzungushie tepu ya umeme, uuache. Waya wa rivasi ukiutoa kwenye taa ya nyuma ni volti 24 pia, na watu huwa wanausahau kwa sababu ni mwembamba. Tumia rilei ya pili ya koili ya 24: taa ya rivasi inaivuta, nayo inapeleka volti 12 kwenye kamera na kwenye waya wa rivasi wa skrini. Waya wa bluu ni wa kutoa umeme, wa antena na amplifaya. Usiulishe.

Kama muuzaji alikuapia kwamba skrini ni ya "12-24V", fungua kifuniko uangalie kapasita kubwa (kile kimkebe cha kuhifadhi umeme) karibu na pale umeme unapoingia. Ikiwa imeandikwa 16V au 25V, na alteneta yako inatoa 28, muuzaji alikuwa anasoma boksi. IC (chipu) nyingi za amplifaya za redio hizi mwisho wake wa kufanya kazi ni volti 18.

Spika: kabla ya kuunga, pima kama waya wowote wa spika una mawasiliano na chesisi. Lori za zamani nyingine spika zinatumia hasi ya pamoja kwenye chesisi. Skrini yako inasukuma waya zote mbili za spika, hakuna hasi ya kweli pale, ukiugusisha mmoja na chesisi unaua IC. Ukikuta hivyo vuta waya mpya, mbili kwa kila spika.

Antena ya GPS iweke juu ya dashibodi, karibu na kioo, mbali na konveta na kamera ya dashibodi. Kuhusu ramani, programu ya magari madogo haijui lori lako lina urefu gani kwenda juu wala uzito gani, itakupitisha chini ya daraja lolote. Chukua ya malori inayokuuliza vipimo.

Lakini kabla ya yote, kama fundi ameshaunga hata kwa jaribio, ng'oa ule waya leo. Kisha acha lori lilale usiku mmoja, asubuhi pima kila betri peke yake: nzima iliyojaa inasoma 12.6 mpaka 12.8. Washa injini, ipe dakika 20, pima tena. Kila moja iwe karibu na 14. Zikipishana zaidi ya nusu volti, madhara yameshaanza. Zitenganishe, chaji kila moja peke yake kwa chaja ya 12 mpaka ijae, ndipo uzirudishe. Isiyopanda itajitambulisha.

Weka hapa namba zote nne, ya chini na ya juu, injini imezimwa na injini inawaka, na picha ya konveta upande wa stika kabla hujailipia.