Ukienda Guangzhou, usiitegemee Google

Kama unafunga safari ya mzigo kwenda China, Guangzhou au Yiwu, anwani ya hoteli, namba za wauzaji na oda zako visikae kwenye Gmail peke yake. Kila msimu wa maonyesho ya biashara ya Canton, pale Guangzhou, nakutana mtaa wa Xiaobei na ndugu zetu wageni wanazimawasha simu, wanalaumu laini. Laini haina tatizo. Google ndiyo haifunguki.

Zamani ilifunguka. Mwaka 2006 kampuni hiyo ilizindua google.cn, ikakubali kuchuja majibu kama serikali ya China ilivyotaka. Januari 2010 ikatangaza kwamba imedukuliwa, na kwamba waliolengwa ni pamoja na watetezi wa haki za binadamu wanaotumia Gmail. Ikasema haichuji tena, na Machi ikaanza kuwapeleka watumiaji kwenye tovuti yake ya Hong Kong. Huduma zikazibwa moja baada ya nyingine. Mwaka 2018 zikavuja habari za Dragonfly, mradi wa Google wa kurudi China na kitafutio kilichochujwa. Wafanyakazi wake wenyewe wakaja juu, ukaachwa. Kwa maoni yangu hata wangerudi wangekuta Baidu, kitafutio cha Wachina wenyewe, ameshakalia kiti.

Kitafutio cha kigeni kinachofunguka ni Bing ya Microsoft, nayo inachuja. Kwa kutafuta kiwanda kwa Kiingereza inatosha. Habari za siasa usizitafute humo.

Sasa vitendo. WeChat, programu ya kuchati na kulipia, fungua ukiwa nyumbani, maana akaunti mpya huweza kudai mtu mwingine akuthibitishe, na huyo mtu umpate wapi usiku uwanja wa ndege? Alipay, programu ya malipo, iunganishe na kadi yako ya Visa kabisa. Programu zote zipakue kabla ya kupanda ndege, kwani Play Store nayo imezibwa. Ramani tumia Amap. Hata ukiipata Google Maps, alama yako huweza kukaa mamia ya mita kando ya ulipo. Anwani ziwe kwa herufi za Kichina, upige picha, umwonyeshe dereva wa teksi.

Ukilazimika kuingia Gmail, washa roaming ya laini ya nyumbani: data hupitia mtandao wa kwenu, kwa hiyo kwa kawaida hufunguka. Ila uliza bei kwanza, maana bando la roaming linakula faida ya viatu katoni nzima.